Wiki yangu Fort Portal: ng'ombe, wageni na mgomba ulionyauka

Hamjambo ndugu zangu wa Muleba, Bukoba, Karagwe, na wote mnaonitazama kutoka nyumbani Tanzania. Leo ni Jumapili jioni. Ngoja nigeuze simu... mnaiona? Ile ni Rwenzori. Wiki nzima ilijificha kwenye mawingu, leo ndiyo imejitokeza.

Wengi mnaniuliza nafanya kazi gani huku Uganda. Niliolewa kwa Watooro, na tunaishi na mama mkwe na mashemeji kwenye shamba la familia, upande wa maziwa ya kreta, njia ya kwenda msitu wa Kibale. Tuna mabanda manne ya wageni. Najua ukisikia banda unawaza kuku, lakini huku ni nyumba ndogo ya mbao ya kulala mgeni, ina kitanda, neti na kibaraza chake. Wengi wanakuja kuwaona sokwe wa Kibale, wanalala siku mbili tatu, wanaendelea na safari.

Kila siku saa kumi na moja alfajiri mimi na shemeji tuko zizini tunakamua. Kisha chai, kisha maji ya moto ya wageni. Jumatatu ilikuwa ya mashuka tu. Mvua ilinyesha mara tatu, tukaanua mara tatu.

Jumanne ndiyo nataka niwaeleze vizuri. Niliingia shambani kukata mkungu wa matoke ya chakula cha jioni. Ndani kabisa nikaona mgomba umelegeza majani, yamekuwa ya njano kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mkungu bado mchanga, lakini ndizi mbili zimeshaiva. Nikapasua moja, ndani ina rangi ya kahawia kama kutu.

Watu wa Kagera, hapo sina haja ya kuwaeleza. Ni mnyauko, ule ugonjwa wa migomba tunaouita unyanjano. Hapa Uganda uliripotiwa mwaka 2001, baadaye ukaingia kwetu. Nilikuwa bado mwanafunzi kibanja cha mama yangu kilipofyekwa chote. Nilirudi shule nikamkuta amekaa mlangoni, haongei. Jumanne nilisimama pale na mkungu wangu mkononi, picha ile ikanirudia.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alikuja na panga, akaukata mgomba ule mmoja usawa wa udongo, ndugu zake wa shina moja akawaacha. Zamani tulikuwa tunaambiwa tung'oe shina lote na machipukizi yake, na watu wengi walishindwa, kwa sababu ile kazi ni ya kuvunja mgongo. Wataalamu baadaye wakaona kwamba ugonjwa haufiki kwenye kila chipukizi. Ukikata mapema ule unaougua tu, na ukawa unarudi kukagua kila mara, shamba linapona taratibu. Halafu panga lile tulilipitisha kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Hata jiki inafaa. Utomvu ukibaki kwenye panga, unaupanda ugonjwa mwenyewe kwa mkono wako.

Jumatano shemeji alikwenda soko la Mugusu. Mimi nilibaki na wageni wawili, mama na binti yake kutoka Uholanzi. Binti alitaka apigwe picha akikata mkungu kwa panga. Nilimkatalia, nikamweleza sababu, na niliogopa amekasirika. Kumbe alikuwa anafikiri. Akaniuliza, basi naweza kusaidia nini? Nikamkatia mti mrefu wenye panda. Lile ua jekundu linaloning'inia chini ya mkungu ndiko nyuki na nyigu wanakoingiza ugonjwa, kwa hiyo chane ya mwisho ikishatoka unalishika kwa ile panda, unazungusha, linakatika. Hakuna panga linalogusa mgomba. Alhamisi yote binti yule alizunguka shamba na mti wake, shingo imemkakamaa kwa kuangalia juu, na hakuacha hata mgomba mmoja.

Nawaambia haya kwa sababu mtu akiona mabanda anadhani ndiyo mali. Miezi ya mvua kubwa wageni wanapungua, na sisi tunakula na kulipa ada kwa matoke, maziwa na maharage. Hata mgeni akija, anachokula kimetoka humu. Migomba ikifa, mabanda yanafungwa.

Ijumaa usiku mama mkwe akampa yule binti empaako. Ni jina la heshima na mapenzi la Watooro. Yapo machache tu, Amooti, Abwooli, Adyeri na mengine, na salamu haikamiliki bila kulitaja. UNESCO iliiandikisha mila hii mwaka 2013 kati ya zile zinazohitaji kulindwa haraka. Mimi ni Akiiki. Binti akawa Abwooli, na asubuhi ya Jumamosi watoto wa jirani walimuaga kwa jina hilo mpaka gari likapotea.

Jumamosi hiyo hiyo nilikagua tena, nikakuta mwingine umeanza. Nimeukata.

Mama, najua dada atakuonyesha video hii. Ile migomba uliyopanda upya nyuma ya nyumba, asiingie mtu na panga lake, hata akiwa jirani. Dada, mkatie mama mti wenye panda, mwepesi, urefu wa kumfikisha juu bila kupanda kitu.