Khanga ya Mlangoni

MAMA UPENDO: Karibuni tena kipindini. Mwalimu amekuja na masomo matatu katika daftari lake lile lile, lakini kabla hajalifungua nitasimulia yaliyonipata Jumapili. Nilishuka kwenye basi la usiku nikaenda ibadani moja kwa moja na suruali yangu ya safari, na mzee wa kanisa aliyekuwa mlangoni akanipa khanga nijifunge. Sikubishana naye. Nilipokwenda kushiriki Meza ya Bwana ndipo niliposikia vicheko nyuma yangu, kwa kuwa khanga ile ilikuwa imeandikwa: “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.”

MWALIMU: Na mchungaji aliyasoma?

MAMA UPENDO: Mchungaji alikuwa mbele yangu, na maandishi yalikuwa nyuma. Waliosoma ni kwaya nzima.

MWALIMU: Basi wewe ndiye uliyehubiri siku hiyo. Ila tuelewane: khanga ile ni utaratibu wa nyumba, si sharti la wokovu.

MAMA UPENDO: Petro naye hakuwaambia watu wa Antiokia kwamba hawataokoka. Aliinuka tu kwenye meza aliyokula na waumini wasio Wayahudi, walipofika wageni Wayahudi waliotoka kwa Yakobo, na Paulo, kama anavyoeleza katika Wagalatia sura ya 2, akamkemea mbele ya wote. Nyuma yangu alikuwapo binti mwenye suruali vilevile, na khanga ilikuwa moja. Aliambiwa asubiri. Alisimama kidogo, Biblia yake kwapani, kisha akarudi kwenye bodaboda iliyomleta, ambayo dereva wake alikuwa bado anatafuta chenji.

MWALIMU: Hilo ni kosa la mzee wa mlangoni, wala si la utaratibu. Mkutano wa Yerusalemu katika Matendo 15 ulikataa kuwatwika watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, tohara, lakini bado uliwaagiza wajiepushe na vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na nyama iliyosongolewa, na uasherati. Halafu hilo neno “peke yake” mnalolipenda, mnaposema mtu huhesabiwa haki, yaani hukubaliwa na Mungu, kwa imani peke yake, Martin Luther, mwanzilishi wa Walutheri, ndiye aliyelitia katika Warumi 3:28 alipotafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522; kwenye Kigiriki halimo. Yakobo 2:24 ndipo tunapolikuta, nalo limetanguliwa na “si”.

MAMA UPENDO: Luther hakulificha; alijibu kwamba ndivyo Kijerumani kinavyosema na kwamba maana ya Paulo yenyewe inalidai. Na yale manne ya Yerusalemu yaliwekwa ili watu waweze kula pamoja, hayakuwekwa ili mtu arudishwe na bodaboda.

MWALIMU: Kwa hiyo mtu aje madhabahuni na taulo?

MAMA UPENDO: Aje nalo, mradi lisiwe na maandishi.

MWALIMU: Sikubali. Imani inayoshindwa hata kujifunga khanga kwa saa mbili nina shaka nayo.

MAMA UPENDO: Mimi nilijifunga, Mwalimu. Namsemea aliyekosa ya kujifunga, na hapo hunitoi.

MWALIMU: Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Hata somo la kwanza sijaligusa, lile la tamko kuhusu kuhesabiwa haki ambalo Walutheri na Wakatoliki walitia saini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999.

MAMA UPENDO: Litakaa daftarini na mengine ya mwezi uliopita. Khanga nimeifua na kuipiga pasi, nitairudisha Jumapili.

MWALIMU: Khanga huuzwa kwa doti, Mama Upendo. Waulize kipande cha pili kiko wapi.