Kuibiwa kwa Kiingereza: "steal", "rob" na "burglary"

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na mwenzangu Juma hapa Mombasa, na leo nimekuja na kisa cha nyumbani. Mamangu mdogo ameibiwa simu.

JUMA: Pole sana, dada. Ilikuwaje?

ZUHURA: Tushapoa. Ilikuwa saa nane usiku, watu wamelala. Dirisha la chumbani limerudishwa tu, halikutiwa komeo. Mtu kalisukuma, kapenyeza ufito mrefu wenye ndoano nchani, kavuta leso iliyokuwa kitandani. Simu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la ile leso. Yeye mwenyewe hata mguu hakuutia ndani.

JUMA: Lo! Na mama hakusikia?

ZUHURA: Alisikia leso ikimponyoka mkononi, akadhani ni paka. Asubuhi tukaenda kuandikisha taarifa, nikaambiwa niandike mimi, kwa Kiingereza. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hii: "My aunt was stolen her phone."

JUMA: Na ukiisoma kwa Kiingereza, sehemu ya mwanzo inasema mama mwenyewe ndiye aliyebebwa!

ZUHURA: Ndivyo. Lakini kwa Kiswahili hilo ni sawasawa kabisa. "Mama ameibiwa simu." Kuna kosa gani hapo?

JUMA: Hakuna. Sisi tuna "kuiba", halafu tunakinyoosha kitenzi kinakuwa "kuibia". Naiba simu, namwibia mama. Silabi moja tu inamwingiza mwenye mali kwenye sentensi, ndiyo maana tunaweza kusema "ameibiwa". Kiingereza hakina huo mnyambuliko, kwa hiyo kinatafuta neno jingine. "Steal" huenda na kitu: simu, pesa, kuku. "Rob" huenda na mtu, au mahali kama benki. Kwa hiyo "they stole her phone", lakini "they robbed her". Ukisema "they robbed her phone", Mwingereza atashangaa simu imeporwa nini.

ZUHURA: Basi hapo ndipo nilipoingia mtego wa pili. Nikafuta, nikaandika "my aunt was robbed". Sarufi imenyooka, nimeridhika. Askari akasoma, akamwuliza mama: "Ulipigwa? Ulitishwa kwa kisu?" Mama akasema, "Baba, mimi nilikuwa nimelala."

JUMA: Alifanya vizuri kuuliza, maana "rob" ina nguvu ndani yake. Neno hili Waingereza walilipata kwa Wafaransa wa kale, na asili yake ni moja na ya "robe", lile vazi refu. Nguo ilikuwa nyara, kitu unachomvua mtu baada ya kumshinda. Kwa hiyo ukisikia "robbed", fikiria mtu amesimama mbele ya mwizi. Ndiyo "kunyang'anywa" yetu.

ZUHURA: Ahaa! Kumbe Kiswahili kina hiyo tofauti tangu zamani. Wizi ni wizi, unyang'anyi ni unyang'anyi. Mimi niliruka moja kwa moja kwenye Kiingereza bila kujiuliza ningesemaje kwetu.

JUMA: Na hapa Kenya si suala la ufasaha tu. Katika Kanuni ya Adhabu, wizi wa kawaida adhabu yake ni hadi miaka 3. Unyang'anyi, yaani wizi wenye kutumia nguvu au kutishia kuitumia, unafika miaka 14. Ukiwa wa mabavu, wenye silaha au watu zaidi ya mmoja, sheria inataja kifo. Neno moja kwenye karatasi ya taarifa, dada, linaweza kumsogeza mtu kutoka hapa hadi pale.

ZUHURA: Subhanallah. Basi ya mama ni "theft" tu?

JUMA: Hapana, yake ina zaidi. Kuna "housebreaking" na kuna "burglary". Wengi tunazitafsiri zote "kuvunja nyumba", na tunafikiri lazima mlango uvunjike. Kifungu cha 303 kinasema hata kusukuma dirisha lililofungwa ni kuvunja. Na kuingia kunahesabiwa pale sehemu yoyote ya mwili, au ya chombo anachotumia, inapokuwa ndani.

ZUHURA: Yaani ule ufito...

JUMA: Ufito uliingia, naye ameingia.

ZUHURA: Na usiku?

JUMA: Usiku ndio unaobadilisha jina. Kosa lile lile likifanywa mchana ni "housebreaking", hadi miaka 7. Usiku linaitwa "burglary", hadi miaka 10. Na usiku wenyewe umepimwa: kuanzia saa kumi na mbili u nusu jioni hadi saa kumi na mbili u nusu asubuhi.

ZUHURA: Sasa mimi hili limeniuma, Juma, na nitalisema. Mama anakijua kisa chake chote kwa Kiswahili, hakosei hata nukta. Na Katiba ya 2010 imeandika Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa nini asiandikiwe kama alivyosema?

JUMA: Alikuwa na haki hiyo. Mwenye kisa aeleze kilichotokea, jina la kosa ni kazi yao.

ZUHURA: Mwishowe ndivyo tulivyofanya. Mama alivuta kiti, akasema, mimi naandika: nililala, dirisha nililirudisha, saa nane likasukumwa, ukaingia ufito, ikavutwa leso yangu na simu ndani yake. Askari akaisoma mara moja, hakuuliza tena.

JUMA: Na simu?

ZUHURA: Bado. Ila yeye anaililia leso kuliko simu. Alipewa siku ya harusi yangu.