Tiketi Imeandikwa Didcot

KASSIM: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo tuliahidi safari fupi ya kusini mwa Uingereza, usafiri na mambo ya kuona. Orodha yangu iko tayari: Salisbury, Bath, Brighton, Dover. Lakini kwanza, dada Zuhura, wageni wako wamefika salama?

ZUHURA: Wamefika Tanga, alhamdulillahi. Asubuhi mama mdogo kanitumia ujumbe wa sauti: majirani wanakuja kumpa pole ya safari, na kila anayeingia anauliza habari za Didcot.

KASSIM: Didcot? Si London?

ZUHURA: Si London wala Bath. Didcot, kimji cha njiani tu! Tulikuwa tunakwenda Bath kutoka stesheni ya Paddington, London. Sasa njia ile unaijua: mara nyingi ukikata tiketi mbili, Paddington hadi Didcot, kisha Didcot hadi Bath, unalipa pungufu kuliko tiketi moja ya moja kwa moja. Treni ni ileile na kiti kilekile, huinuki. Masharti ya reli yanaruhusu, ila treni yenyewe lazima iwe inasimama Didcot. Zipo zinazopita bila kusimama, na humo tiketi zako hazifai.

KASSIM: Na mlikuwa watatu.

ZUHURA: Mimi, mama mdogo na bintiye. Watu watatu hadi tisa wakisafiri pamoja nje ya saa za msongamano, treni za njia ile zinawapunguzia theluthi ya nauli, bila kadi yoyote. Watu wanawanunulia wageni kadi za punguzo za mwaka mzima na mgeni anakaa wiki moja!

KASSIM: Hilo liandikeni. Na ile kadi ya benki unayogusa kwenye mashine za London haikufikishi Bath wala Salisbury. Kateni tiketi kabla hamjapanda. Haya, Didcot.

ZUHURA: Mama mdogo akavaa miwani, akasoma. "Zuhura, mbona hii imeandikwa Didcot?" Nikamweleza. Akaitikia tu. Tunafika Reading, keshatuma picha ya tiketi kwenye kundi la familia: "Tunakwenda Didcot." Tanga nzima ikaamka. "Didcot kuna nini?" "Tusalimieni watu wa Didcot." Mjomba anauliza kama ni pwani.

KASSIM: [anacheka] Mimi nakaa Reading, robo saa tu kutoka hapo, na sijawahi kuletewa salamu za Didcot.

ZUHURA: Binti akaangalia kwenye simu. Kumbe ubavuni mwa stesheni kuna makumbusho ya reli, unaingilia kwa njia ya chini ya stesheni hiyohiyo. Vichwa vya treni vya moshi, mabehewa ya zamani, banda la injini. Mama mdogo kusikia hivyo, akachukua mkoba wake. Unajua babu alifanya kazi reli, Tanga.

KASSIM: Usiniambie mlishuka.

ZUHURA: Tulishuka! Tiketi ya kwanza inaishia pale, ya pili inaanzia pale, nani atuzuie? Tungekuwa na zile za bei ya chini zilizofungwa kwenye treni moja, tusingeweza. Zetu zilikuwa za kupanda treni yoyote nje ya msongamano.

KASSIM: Na Bath inawasubiri.

ZUHURA: Sikiliza kwanza. Mle ndani wametandika kipande cha reli pana ya Brunel, yule mhandisi aliyejenga njia hii ya Paddington hadi Bristol. Ilikamilika 1841. Reli zake ziliachana zaidi ya mita mbili! Mama mdogo akaipima kwa macho, akasema, "Ya baba ilikuwa nusu ya hii." Na kweli, ya Tanga ni mita moja.

KASSIM: Hata ya kwetu Mombasa, ile iliyoanza kujengwa 1896. Mita moja.

ZUHURA: Hii ya Brunel iliachwa kabisa 1892. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaanza kutandika ya Tanga. Mama mdogo akawa anamweleza bintiye kazi ya babu, karakana, zamu za usiku, mambo ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia. Aliongea pale kuliko alivyoongea siku zote alizokuwa kwangu.

KASSIM: Bath mlifika saa ngapi?

ZUHURA: Alasiri imekwisha.

KASSIM: Na Mabafu ya Warumi, yale ya kale?

ZUHURA: Hatukuingia. Tuliliona kanisa kuu, tukatembea hadi Daraja la Pulteney, lile lenye maduka pande zote mbili. Tukarudi.

KASSIM: Hapana, dadangu. Hapo sikubaliani nawe. Mgeni katoka Tanga. Pale Bath kuna maji ya moto yanayotoka ardhini, nyuzi 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku, tangu kabla ya Warumi. Hajayaona. Na huenda asirudi tena.

ZUHURA: Hakuja kuona maji ya moto. Alikuja kunitembelea mimi.

KASSIM: Lakini wewe ndiye mwenyeji. Mgeni hawezi kuchagua kitu asichokijua. Kazi yako ni kusema, "Mama, hili la injini tutalipitia jioni tukirudi, kwanza twende Bath."

ZUHURA: Jioni pamefungwa! Hata kila siku hapafunguki, na siku za kuwasha moshi ni chache. Lazima uangalie kabla.

KASSIM: Basi panga siku nyingine. Ungefanya nilivyokuambia: stesheni ya Waterloo, London, hadi Salisbury kama saa moja na nusu, kanisa kuu lenye mnara wa mita 123 na ndani yake nakala ya Magna Carta ya 1215, ile hati iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme. Basi la Stonehenge, yale mawe makubwa ya kale, linaanzia stesheni. Mnalala hapo. Asubuhi treni ya moja kwa moja Salisbury hadi Bath, kama saa moja, mnarudi Paddington kwa njia ya Didcot. Hamrudii njia, na kila kitu kina nafasi yake.

ZUHURA: Mpango mzuri, na nimeutoa kwa wengine. Lakini ungempitisha mama mdogo palepale saa ambayo pamefungwa.

KASSIM: Angekuwa ameyaona Mabafu.

ZUHURA: Na asingemsimulia binti yake habari za babu. Mimi silibadilishi hilo kwa bafu la mtu yeyote.

KASSIM: Nami bado nasema ulimpunja.

ZUHURA: Sema. Ukimuuliza mwenyewe atakujibu.

KASSIM: Atakujibu wewe, wewe mwanawe. Mimi je... Haya, naonyeshwa saa hapa. Dakika mbili.

ZUHURA: Brighton hatujagusa.

KASSIM: Wala Dover. Haraka: Brighton hadi Seven Sisters, yale majabali meupe ya pwani, pandeni basi namba 12 la kwenda Eastbourne. Nauli ya basi kwa safari moja ina kikomo, paundi 3, kwa mabasi mengi ya England.

ZUHURA: Na Jumapili angalieni kama reli inatengenezwa, mnaweza kuwekwa kwenye basi badala ya treni. Dover wiki ijayo.

KASSIM: Wiki ijayo tunaanza na Mabafu.

ZUHURA: Tunaanza na Dover, Kassim.