Ifriti Dereva wa Teksi

Assalaam aleikum, wazee wangu, kina mama, na ninyi vijana wa Ngamiani, hapa Tanga.

Naanza na ifriti wangu yule yule, jini wa kitabuni. Walionisikia zamani wanivumilie, leo kuna wageni. Riwaya ya American Gods, ya mwaka 2001, imejaa miungu ya kale iliyofika Marekani vichwani mwa wahamiaji, kisha ikasahauliwa, ikabidi itafute riziki. Ndani yake yumo kijana wa Kiomani aliyepelekwa New York kuuza vitu vya shaba. Kutwa nzima kakaa ofisini kwa watu, hakuonwa na yeyote. Anapanda teksi. Dereva naye yuko hoi, anasinzia kwenye usukani. Mwomani anamwamsha, wanaanza kuzungumza Kiarabu, halafu nyuma ya miwani ya jua anayaona macho: moto mtupu. Hapigi kelele. Bibi yake mwenyewe aliwahi kuapa kwamba alimwona mmoja pembezoni mwa jangwa. Ifriti analalamika kwamba watu wa huko wanadhani majini huwapa watu wanachotaka. Kama angeweza hivyo, angekuwa anaendesha teksi?

Hapo mimi hufunga kitabu kwanza, nikapumua. Jini wa hadithi zetu ana kasri na pete. Huyu ana usingizi na foleni! Hofu inakutoka, unabaki na huruma, kama ya kumwonea ndugu aliyekwama ughaibuni.

Kuna atakayesema huu ni ushirikina. Upi? Kusoma si kuabudu. Bibi zetu walisema "Paukwa", tukaitika "Pakawa", wakatutajia majini hadi tukajificha chini ya shuka, na alfajiri wakatuamsha twende chuoni kusoma Kurani. Nani aliwaita washirikina? Na anayesema ni mambo ya watoto, aende mapango ya Amboni akaone nani wanaomwachia mzimu sadaka mle. Watu wazima.

Basi mzimu wa Amboni mtamwacha pangoni mpaka lini, ninyi mnaoandika? Mpandisheni baiskeli, mshusheni Barabara ya 12, aulize bei ya unga. Shaaban Robert, mtoto wa Machui hapo, aliibuni Kusadikika, nchi nzima inayoelea hewani. Ninyi mnashindwa na baiskeli?

Nilitaka kusema pia juu ya riwaya ya Lagoon, ya 2014, ambamo barabara ya Lagos kwenda mji wa Benin, huko Nigeria, yenyewe ni jitu linalokula watu, na juu ya tafsiri. Lakini alasiri imekaribia. Nakala zangu mbili ziko mezani pale. Anayeazima aandike jina.