Mwalimu wa Darasa Aulizwe Nini?

RUKIA: Asalaam aleykum wasikilizaji, karibuni. Mie Rukia, nipo hapa Kisauni na kakangu Athumani. Leo twazungumzia mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja mwenye mahitaji maalumu, ule walimu huuita IEP, na hasa mchango wa mwalimu wa darasa.

ATHUMANI: Aleykum salaam dadangu. Nianze na linaloniudhi. Mwalimu wa elimu maalumu huandika mpango, mzazi huitwa kutia sahihi, na yule anayeshinda na mtoto kutwa nzima aukuta umeshapigwa chapa. Kisha twashangaa mbona hautekelezwi.

RUKIA: Wengine watakwambia aliulizwa. Fomu ilimfikia.

ATHUMANI: Fomu yenyewe nimeiona. "Maendeleo ya mwanafunzi ni yapi?" Mwalimu ana darasa limejaa, ana madaftari ya kusahihisha, na fomu yaja Ijumaa mchana. Ataandika "anajitahidi". Kwa neno hilo utapangaje lengo la muhula?

RUKIA: Hapa nataka tukae kidogo. Mie ninapoandaa mpango humwuliza mwalimu wa darasa alichokiona kwa macho yake. Mtoto huanza kazi mwenyewe au husubiri aelekezwe? Hukaa dakika ngapi kabla hajainuka? Somo gani humlemea, na wakati gani wa siku? Umejaribu nini kikasaidia, hata kidogo? Hilo la mwisho usiliache, maana walimu hubuni mambo mengi kimya kimya na hayaandikwi popote.

ATHUMANI: Hebu toa mfano.

RUKIA: Kuna kijana wa Gredi ya Nne, faili lake liliandikwa "hasikilizi, mtundu". Nikamwuliza mwalimu wake, lini hasa? Akafikiri, akasema wakati wa imla. Imla zote? Tukafungua daftari. Za Machi zimejaa wino mwekundu, za Julai nafuu kubwa. Mwalimu akainua macho juu, akasema, "Anakaa chini ya feni." Nawe wajua Machi hapa Mombasa feni haizimwi, na zetu zinavyonguruma. Julai kuna upepo wa kusi, feni hupumzishwa.

ATHUMANI: Subhanallah. Kumbe masikio!

RUKIA: Hatukusema ni masikio, kupima si kazi yetu. Tulimsogeza mbele, mbali na feni, siku iyo hiyo. Mzazi akaelekezwa kituo cha tathmini, EARC, mtoto akapimwe. Na safari hii mpimaji alipelekewa ukurasa wenye tarehe na makosa yenyewe, lile neno "mtundu" halimo.

ATHUMANI: Vituo hivyo vipo tangu 1984, na wazazi wengi bado hawavijui. Halafu Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizojumuishwa katika jamii, kwa kadiri inavyomfaa. Basi mtoto huyu akiwa katika darasa la kawaida, mwalimu wa kawaida ni mwenye nyumba kwenye mpango huu. Marekani, ambako mipango hii ilianzia kwa sheria ya 1975, mtoto akisoma darasa la kawaida, angalau mwalimu wake mmoja wa darasa hilo lazima awe kwenye timu ya kuandaa mpango, na mpango hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka.

RUKIA: Nasi tusingoje kulazimishwa. Dakika 10 wakati wa chai zatosha. Yeye aongee, mie niandike. Ila iwe wiki mbili kabla ya kikao cha kupanga, si asubuhi ile ile.

ATHUMANI: Na ujumbe wa sauti wa WhatsApp?

RUKIA: Akinitumia mimi peke yangu, sawa, na jina la mtoto asilitaje. Kwenye kundi la walimu wote, hapana kabisa. Hali ya mtoto haianikwi.

ATHUMANI: Mwalimu na mzazi wakitofautiana je? Mama asema mwanangu nyumbani haishi maneno, mwalimu asema darasani ni bubu.

RUKIA: Andika yote mawili, usichague mshindi. Kisha uliza darasani ni nani hukaa naye, na huulizwa maswali mbele ya watu au pembeni.

ATHUMANI: Na baada ya kikao?

RUKIA: Hapo ndipo twawapoteza walimu. Mpango hufungiwa kabatini ofisini. Mpe mwalimu nakala ya ukurasa mmoja: malengo mawili matatu, msaada anaotakiwa kuutoa yeye, na lile alilolisema lionekane humo.

ATHUMANI: Wiki ijayo, inshallah, twazungumza na wazazi kuhusu siku ya kwenda EARC. Mzazi, ukienda, beba madaftari ya mtoto.