Tupime Gitaa Kwanza, Umri Baadaye

Wazee wenzangu, asanteni kwa kuja. Naona wengine mmebeba magitaa, wengine wajukuu. Karibuni wote.

Historia ya muziki wa dansi naiacha. Humu ndani nani asiyeijua bendi ya Morogoro Jazz? Naanza na methali ninayotupiwa kila nikipita na gitaa begani: samaki mkunje angali mbichi. Jamani, mimi si samaki! Nilianza kujifunza gitaa na miaka 58, na kilichonikwamisha hakikuwa ukavu wa vidole.

Waliokwisha kuisikia hii wanivumilie. Nilinunua gitaa kavu, lisilo la umeme, la mtumba, nyuzi za chuma, linang'aa kama sahani ya harusi. Miezi mitatu nikapambana na kodi ya F. Si ile ya serikali, ingawa nayo inauma: ni sauti kadhaa zinazolia pamoja, na hii ya F unalaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote 6. Sauti ikatoka ya kugonga ubao. Ncha za vidole zikavimba, hata vifungo vya shati nikafungiwa na mke wangu. "Liache, baba," akasema, "utajiumiza bure." Nikalitundika ukutani.

Siku moja akaja seremala kutengeneza dirisha. Kumbe ndiye mpiga gitaa wa kwaya yao. Akalishusha, akahesabu vile vyuma vya shingoni mpaka cha 12, akachomoa penseli yake bapa sikioni, akaipitisha chini ya nyuzi. Ikapita bila kugusa chochote. "Mzee, nyuzi ziko juu mno, hili hata mimi silipigi." Shingo ilikuwa imepinda. Akakaza chuma cha ndani yake, akang'oa kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi kule chini, akakisugua kwa msasa, akapima tena nafasi ile ya chini ya nyuzi: milimita 3 hivi. Dirisha halikuisha siku ile. Jioni nikapiga F, nyuzi 4 kati ya 6 zikalia. Miezi mitatu, ndugu zangu, najilaumu kwa uzee!

Mtasema, mbona watoto wanajifunzia magitaa mabovu na wanaweza? Wanaweza, ndiyo. Mtoto ana mchana kutwa, akikosea hachekwi. Wewe una nusu saa baada ya chakula cha usiku, na jirani ana masikio.

Mwingine ataniambia vidole vyake vizito, havifiki mbali. Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa wa Katanga aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, mkono wa kulia alitumia gumba na shahada tu. Viwili! Wewe unalalamikia vitano.

Mengine haraka, mwenyekiti ananionyesha saa. Kucha za mkono wa kushoto zikatwe. Vidole vikiuma sana, anza na gitaa la nyuzi za nailoni. Usifunge nailoni kwenye gitaa la nyuzi za chuma wala kinyume chake. Tyuni, yaani weka sawa sauti za nyuzi, kabla ya kupiga, kila siku. Kuhusu kuhesabu mapigo nilikuwa na mengi, basi tena.

Yule baba mwenye gitaa jekundu, njoo nalo hapa mbele. Penseli ninayo.