Kimatira: mhesabu kwanza ndo umtaje jina

Haya jamani tuanze, wale wa nyuma sogeeni mbele maana mdudu mwenyewe ni mdogo, milimita saba au nane hivi, ukucha wa kidole cha mwisho haujazi. Nimekuja naye kwenye hiki kichupa cha dawa ya kikohozi, wako wanne, watatu wazima na mmoja tunutu, yaani mtoto ambaye hajakomaa. Kichupa kizunguke lakini msikifungue, wakifunguliwa mtanuka mpaka kesho na wanawake zenu watauliza mlikuwa wapi.

Mnaolima kahawa mnamjua, ni kimatira. Kwenye vipeperushi anaitwa antestia. Sasa leo sijaja kuongelea dawa, dawa kila mtu ana ya kwake na duka lake, mi nataka kuongelea kitu kinachotakiwa kuja kabla ya dawa, yaani unajuaje kwamba ni yeye?

Nianze na aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilienda kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha mzee mmoja, migomba imejaa, kahawa haijapogolewa miaka, giza kama jioni. Nikageuza majani nikakuta vidudu vya mviringo, mgongo umebinuka, vina madoa ya chungwa. Nikamwambia mzee hawa ni wale mbawakavu wa madoadoa wanaokula vidukari, ni marafiki, usiwaguse. Mzee akaniamini, si nimetoka chuo! Kumbe ni tunutu wa kimatira, watoto kabisa, mabawa hawana bado ndo maana wanaonekana duara. Msimu wa maua ulipokuja machipukizi yakawa meusi kama yamechomwa na pasi, na matunda machanga yakawa yanaanguka tu. Mzee aliniita, hakugomba hata kidogo, akanikaribisha mbege kwanza, halafu akanionesha tawi moja akakaa kimya. Ule ukimya bado ninao.

Sasa nilikosea wapi? Nilitazama rangi. Rangi ya kimatira ni nzuri kweli, kahawia nzito inayokaribia nyeusi, juu yake mistari na madoa ya chungwa na meupe, kama kanga ya sikukuu, lakini wadudu wa madoa ni wengi na rangi inabadilika akiwa anakua. Wewe mgeuze tumbo juu. Ukikuta mdomo ni mrija, umelazwa chini ya kifua katikati ya miguu kama sindano kwenye ala yake, basi huyo si mbawakavu hata akuapie, maana mbawakavu ana taya za kutafuna. Kwa kutazama mdomo tu ningeokoa kihamba cha mzee.

Ukishaona mrija njoo mgongoni. Mkubwa wake bawa la mbele ni nusu gumu kama ngozi, nusu nyepesi kama nailoni, na wataalamu oda yake, yaani kundi lake kubwa la wadudu, wakaiita Hemiptera, maana yake nusu bawa. Mbawakavu mabawa yake magumu yanakutana katikati kwa mstari mmoja ulionyooka, huyu hapana, huyu mabawa yanapandana, na katikati ya mgongo kuna pembetatu kubwa, hiyo ndo ngao. Halafu hesabu vipapasio, taratibu, tumia lenzi ama ile kamera ya simu ukiivuta karibu. Vipande vitano. Na jina la familia limetoka hapohapo, Pentatomidae, penta ni tano kwa Kigiriki, vipande vitano. Mguuni kwenye unyayo vipande vitatu. Ila ukihesabu kwa tunutu utapata vinne kwenye kipapasio na viwili kwenye unyayo, usishtuke ukasema familia nyingine, ni mtoto tu hajakamilika, anajivua ngozi mara tano ndo anakuwa mtu mzima.

Familia hiyo ni kubwa na wengine mnao shambani. Yule wa kijani wa kwenye maharage na nyanya, naye ana ngao na ananuka vilevile, ni Nezara viridula, alipewa jina na Linnaeus, yule Mswidi aliyeweka utaratibu wa majina ya viumbe, tangu 1758. Mtazame pale ngao inapoanza, ana vidoti vidogo vyeupe vitatu vimejipanga. Huyo akikutwa kwenye mti wa kahawa amepita njia, usimpigie dawa kwa jina la kimatira.

Haya, jenasi, yaani kikundi kidogo ndani ya familia, na ndani yake ndo kuna spishi, aina yenyewe. Vitabu vya zamani vimeandika Antestia, baadaye mwaka 1952 mtaalamu mmoja anaitwa Leston akawatoa hawa wa kwetu akawapa jenasi yao, Antestiopsis, ila midomo ya watu imebaki na antestia na mimi sioni ubaya. Spishi inayotusumbua huku milimani ni Antestiopsis thunbergii, jina la Thunberg, mwanafunzi wa Linnaeus aliyekusanya mimea na wadudu kule Rasi ya Tumaini Jema, na aliyeliandika ni mtaalamu Gmelin mwaka 1790. Ukisoma makaratasi ya Rwanda na Burundi utakuta wameandika orbitalis, usije ukadhani kuna mdudu mpya amevuka mpaka, ni huyuhuyu jina ndo limebadilika. Yupo pia intricata, huyo ni wa Ethiopia na Uganda kuelekea magharibi.

Hapa ndo nasema ukweli ambao wenzangu hawapendi: kutenganisha hizo spishi kwa macho tu, bila ramani ya kila moja inapopatikana, mi siwezi na wewe huwezi. Madoa yanatofautiana hata ndani ya spishi moja. Wanaojua wanamchukua dume, wanafungua kikombe kilichopo mwisho wa tumbo lake wanatazama viungo vya uzazi chini ya darubini. Dume ana kikombe kimoja, jike amegawanyika vipande vipande, hilo hata wewe unaliona kwa lenzi. Basi andika Antestiopsis uishie hapo, hakuna atakayekucheka. Mimi mtu akinitumia picha ya mgongo tu halafu anataka jina kamili la spishi huwa simjibu siku hiyo hiyo.

Kwanini nasumbua na majina? Kwa sababu kule Rwanda na Burundi kuna kahawa nzuri sana inayotoka na harufu ya kiazi kibichi, ukisaga punje moja mbaya kikombe kizima kimekwisha, na kimatira ni wa kwanza kushukiwa, anatoboa tunda na tundu linabaki wazi. Huku kwetu punje zinatoka na michirizi ama zinaoza ndani, kuna kuvu anaingia na mdomo huohuo. Na mti hauhitaji jeshi, wakifika wawili kwa mti ni wengi tayari. Wawili! Sasa kama huwezi kumtambua hao wawili utawahesabu vipi?

Ndiyo, mama, uliza. Mayai? Tazama chini ya jani, yamepangwa vizuri, kumi na mawili mara nyingi, meupemeupe kama vikombe vidogo. Ila ukiyakuta yamekuwa meusi usiyaponde kwa hasira, mara nyingi ndani kuna kanyigu kadogo, adui wa kimatira, kameshawahi kutaga humo, kachukue hilo jani ukaliweke kwenye chupa yenye kitambaa mdomoni usubiri uone nani anatoka. Na kijana pale nyuma, kile kichupa kimefika kwako nusu saa iliyopita, nani amekifungua? Nasikia harufu huku mbele.